Skrini moja, kazi tatu: Chagua kwa kufuata jicho lililo karibu

KATIKA shule ya msingi niliyosoma ugenini, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mkoani Tabora, Tanzania, mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na desturi moja. Akimaliza kuandika ubaoni aliweka chaki mezani, akatembea hadi dawati la mwisho, akageuka na kusoma alichoandika. Asipoweza kukisoma kutoka pale, alifuta na kuandika upya kwa herufi kubwa zaidi.

Desturi hiyo nilirudi nayo Burundi mwaka 2009, na hadi leo naifuata darasani. Lakini ni hiyo hiyo iliyonitia hasara siku nilipokwenda kununua skrini. Naandika haya ili msomaji mwenye mpango kama wangu asirudie kosa langu.

Hali ya nyumbani kwangu, hapa Rumonge, haina tofauti kubwa na ya familia nyingi zinazoishi kwa mshahara mmoja. Tulikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba ambayo kioo chake kilipasuka, ingawa yenyewe ilikuwa nzima. Kijana wangu alikuwa amepewa na mjomba wake mashine ya michezo, PlayStation 3 iliyokwisha kutumika. Televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, ilikuwa imekufa, na mama yangu mzazi alikuwa amekosa taarifa ya habari ya jioni. Zaidi ya yote, binti yangu alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa taifa, na masomo yake mengi, pamoja na mitihani ya miaka iliyopita, yalikuwa ndani ya kompyuta hiyo isiyo na kioo.

Hesabu ilionekana rahisi: tununue skrini moja ifanye kazi zote tatu. Tuliweka akiba kwa miezi 14, nikapanda basi kwenda Bujumbura.

Dukani nilionyeshwa televisheni ya inchi 32. Nilifanya kama mwalimu wangu alivyofanya: nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Picha ya mpira ilikuwa safi, majani ya uwanja yakionekana kama ya kukatwa asubuhi ile. "Mwalimu, hii ni HD," muuzaji alinihakikishia. Nikalipa.

Jioni ile ile nyumbani tukaiunganisha na kompyuta. Binti yangu akaketi mezani, mikono kwenye kibodi, uso wake ukiwa karibu sentimita 70 kutoka kwenye kioo. Baada ya dakika chache aliniita. "Baba, herufi zina meno," alisema. Nikainama kando yake, nikaona kweli: kila herufi ilikuwa na ngazi ngazi pembeni, na ukingo wa ukurasa ulikuwa umekatwa. Wiki ya pili alianza kuumwa kichwa. Wiki ya tatu alikuwa anakwenda kusomea kwa rafiki yake, akirudi gizani. Muuzaji alikataa kubadilisha, akisema televisheni haina ubovu. Na kusema kweli, haikuwa na ubovu. Ubovu ulikuwa kwenye uchaguzi wangu.

Siri iko kwenye nukta

Inafaa ieleweke kuwa picha yoyote ya skrini hujengwa kwa nukta ndogo ndogo, ambazo mafundi huziita pikseli. Inchi tunazotajiwa dukani ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe tu. Hazisemi lolote kuhusu idadi ya nukta hizo.

Televisheni nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya milioni moja. Hizo ndizo huandikwa "HD Ready". Zile za "Full HD" zina 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Za "4K" zina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane.

Sasa gawanya nukta hizo kwa ukubwa wa kioo. Ile ya kwangu ya inchi 32 ilikuwa na nukta kama 49 katika kila inchi moja. Skrini ya kompyuta ya inchi 24 yenye Full HD ina nukta kama 92 katika inchi hiyo hiyo. Jicho zima huacha kuzitofautisha nukta za ile ya kwanza ukiwa karibu mita 1.8, na za ile ya pili ukiwa karibu mita moja tu. Ndiyo maana dukani, nikiwa nimesimama mbali, sikuona kasoro. Mpira hutazamwa kutoka kwenye kochi. Barua, hesabu na mitihani husomwa kutoka kwenye kiti cha meza.

Hapo ndipo desturi ya mwalimu wangu ilipogeuka. Ubao hupimwa kutoka dawati la mwisho. Skrini ya kazi tatu hupimwa kutoka dawati la kwanza. Aliye mbali anaweza kusogea. Aliye karibu hana pa kurudi, kwa sababu mikono yake iko kwenye kibodi.

Kila kazi na sharti lake

Kwa upande wa kompyuta, sharti la kwanza ni nukta za kutosha, na la pili ni kuonyesha picha nzima bila kuikuza. Televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo. Tafuta kwenye menyu chaguo la kuizima tabia hiyo. Aidha, baadhi ya televisheni hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha kazi yake. Kwenye filamu huoni tofauti, lakini herufi nyekundu juu ya rangi nyeusi hufifia kama wino ulioloa. Mara nyingi dawa yake ni kuupa mlango wa HDMI jina la "PC" ndani ya menyu.

Kwa upande wa michezo, adui ni uchelewaji. Televisheni huipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo hula muda. Mchezaji anabonyeza kitufe, mpira unapigwa baadaye. Chaguo la "Game" kwenye menyu huzima mapambo hayo. Skrini za kompyuta kwa kawaida hazina tatizo hili. Na usidanganyike kulipia 4K kwa ajili ya mashine ya zamani: PlayStation 3 haivuki Full HD, na michezo yake mingi iko chini ya hapo.

Kwa upande wa televisheni, jambo la kuangalia ni pembe. Familia haiketi yote mbele ya kioo. Skrini za aina ya TN hubadilika rangi ukitazama kutoka pembeni au chini. Za aina ya IPS hustahimili zaidi. Kumbuka pia kuwa skrini ya kompyuta haina kipokezi cha matangazo, na nyingi hazina spika. Utahitaji king'amuzi chenye HDMI na spika ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sauti.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kufikiria televisheni ya 4K ya inchi 43. Nukta zake ni kama 102 kwa inchi, hivyo inasomeka hata kwa karibu, na bado inamtosha aliye kwenye kochi. Lakini ahakikishe kompyuta yake inaweza kuilisha: HDMI ya kizazi cha 1.4 hutuma picha 30 tu za 4K kwa sekunde, na kishale cha kipanya huonekana kikirukaruka. Tena aangalie kibandiko cha nyuma kuhusu umeme. Skrini ya inchi 24 kwa kawaida hutumia wati 20 hadi 30. Televisheni ya inchi 43 inaweza kula mara mbili au tatu ya hapo, jambo zito kwa anayetegemea sola.

Nenda dukani na kitabu chako

Mara ya pili sikwenda mikono mitupu. Nilibeba kompyuta yangu, waya wa HDMI, na ukurasa wa mtihani wenye herufi ndogo. Niliomba kiti. Niliketi, nikanyosha mkono hadi vidole vikaribie kioo, nikasoma ukurasa wote. Kisha nikafungua ukurasa mweupe mtupu kutafuta nukta zilizokufa, nikasogea kando kutazama rangi, nikahesabu matundu ya nyuma. Muuzaji wa mara hii alicheka, lakini alinivumilia.

Nilichukua skrini ya kompyuta ya inchi 24, Full HD, iliyokwisha kutumika ofisini. Ile televisheni ya kwanza nilimuuzia jirani kwa hasara; yeye anatazamia mpira, na anaisifu kila tukikutana. Simlaumu, kwa sababu kwa kazi yake ni skrini nzuri.

Siku ya kwanza niliogopa mama angelalamika kuwa kioo kimepungua. Alikitazama kwa muda, akanyanyua kigoda chake, akakisogeza hatua mbili mbele, akaketi. "Sasa naona hata maandishi yanayopita chini," alisema. Kijana naye amepangiwa saa zake, baada ya dada yake kufunga vitabu. Na binti yangu hatoki tena usiku kwenda kusoma kwa watu.

Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei, uliza nani ataketi karibu zaidi na kioo hicho, na atakuwa anafanya nini. Mpime huyo kwanza. Wengine watasogeza vigoda vyao.