Tombo na Moto wa Nyasi

Tombo ni ndege mdogo wa jamaa ya kware. Mwili wake ni wa mviringo, mkia wake ni mfupi. Rangi yake yafanana na nyasi kavu. Kwa hiyo mtu aweza kumkaribia asimwone, mpaka ndege aruke ghafula miguuni pake.

Nchi ya Kasongo na Kabambare ina misitu kando ya mito, na mbuga za nyasi. Tombo hukaa katika nyasi. Huko hula mbegu, mchwa na wadudu wengine.

Tombo hajengi kiota mtini. Wakati wa mvua, jike huchimba kishimo chini ya nyasi, hutandika majani kidogo, akataga humo. Vifaranga wakianguliwa, humfuata mama yao siku ile ile, lakini bado hawajui kuruka. Basi wanahitaji nyasi za kujifichia, na pia udongo ulio wazi kati ya mashina, ili wapate kutembea na kudonoa.

Je, moto ni adui wa tombo? Ni adui, tena ni rafiki. Nyasi zisipochomwa miaka mingi, husongamana, vichaka huota, na tombo huhama. Lakini mbuga nzima ikichomwa mwisho wa kiangazi, moto huwa mkali mno. Tombo hukosa maficho, mwewe huwakamata, na mihogo ya watu huungua shambani.

Huko Marekani, Herbert Stoddard alianza mwaka 1924 kuchunguza ndege wanaofanana na tombo, kwa sababu walikuwa wakipungua. Wakubwa wa misitu walikataza moto kabisa. Mwaka 1931 Stoddard alitoa kitabu, akaonyesha kwamba moto wenye mpango huwafaa ndege hao.

Hata kijiji chaweza kufanya mpango. Wazee wagawe mbuga sehemu tatu, na kati yake wafyeke njia pana. Sehemu moja ichomwe mwanzo wa kiangazi, nyasi zingali mbichi kidogo na upepo umetulia. Sehemu nyingine zingoje zamu yake mwaka ujao na mwaka wa tatu. Tena mayai yasiokotwe, wala jike asitegwe kiotani, maana amkamataye huyo amewaua na vifaranga wake wote.

Maulizo
1. Tombo hutaga wapi?
2. Kwa nini mbuga isichomwe yote pamoja?
3. Chora mbuga ya kijiji chenu, uigawe sehemu tatu.