Ruhusa za Kumbukumbu katika Kiini cha Kompyuta

Fundi cherehani wa soko la Jericho, Nairobi, anapopokea malipo kwa programu ya simu ya Android, usalama wa fedha zake hutegemea, pamoja na mengine, kiini cha Linux, yaani sehemu kuu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu. Kiini huigawa katika kurasa, aghalabu za baiti 4096, na kuupa kila ukurasa ruhusa zake: kusomwa, kuandikwa au kutekelezwa. Programu ikijaribu jambo isiloruhusiwa, kichakataji hukiarifu kiini, nacho huweza kuikomesha.

Kanuni kuu ni kwamba ukurasa unaoandikika usitekelezeke. Pasipo kanuni hiyo, ujumbe wa mlaghai ulioingia kama data huweza kugeuka amri. Mfumo wa OpenBSD ulianza kuifuata mwaka 2003. Kiini nacho hujifunga: kurasa za amri zake chenyewe hubaki za kusomwa na kutekelezwa tu.

Kwa hiyo istilahi “ruhusa” inafaa kuliko “haki”. Haki mtu huwa nayo. Ruhusa hutolewa, na aliyeitoa huweza kuiondoa.