Vitamini E na fahali mzee: hulinda mbegu, hairudishi ujana

Fahali anayepanda kwa bidii si lazima awe anatungisha mimba. Umri unaposonga, dume anaweza kubaki na hamu ileile huku mbegu zake zikidhoofika. Mfugaji huanza kushuku pale majike waliokwisha kupandwa wanaporudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Kwa mwenye fahali mmoja, hasara yake ni msimu mzima bila ndama wala maziwa. Haishangazi basi kwamba vitamini E inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo huwavutia wengi.

Msingi wa kisayansi upo. Utando unaoizunguka mbegu ya kiume una mafuta mepesi kuharibika yanaposhambuliwa na molekuli kali za oksijeni, mfano wa mafuta ya kupikia yanavyochacha yakiachwa wazi. Sehemu ya molekuli hizo huzalishwa na mbegu yenyewe. Vitamini E hukaa ndani ya utando na kuyakinga mafuta hayo, ikisaidiwa na madini ya seleniamu. Vitamini C nayo hulinda, ila ng'ombe hujitengenezea mwenyewe, kwa hiyo ni nadra kuhitaji kununuliwa. Kadiri dume anavyozeeka, kinga hupungua na uharibifu hulimbikizana.

Vitamini E iligunduliwa kupitia uzazi. Mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walibaini kuwa panya majike waliokosa kiini hicho katika chakula walishika mimba, lakini vijusi vilikufa tumboni. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba kwa panya madume upungufu wa muda mrefu uliharibu korodani, na kuwarejeshea vitamini hakukuwaponya. Kwa maneno mengine, vitamini hii ni kinga. Haifufui kilichokwisha kufa.

Kiangazi ndicho hubadili hesabu. Majani mabichi yana vitamini E kwa wingi, pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo ni ya lazima katika utengenezaji wa mbegu. Yakikaushwa juani, sehemu kubwa hupotea. Fahali aliyeishi kwa mabua matupu kwa miezi kadhaa anaweza kweli kufaidika na nyongeza. Anayekula majani mabichi kila siku, faida yake ni ndogo. Mbegu ya fahali huchukua takribani siku 60 kutengenezwa, kisha siku kadhaa kukomaa, hivyo lishe bora ianze zaidi ya miezi miwili kabla ya kupandisha. Kipimo kiamuliwe na daktari wa mifugo, kwani seleniamu ikizidi ni sumu.

Daktari huyo pia ndiye wa kupima shahawa na korodani kabla ya umri kulaumiwa. Ugonjwa wa brusela huweza kuvimbisha korodani, na binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye maambukizi. Tena, fahali aliyedumu zizini miaka mingi huishia kuwapanda binti zake. Huyo, hata mbegu zake zikiwa nzima, ni wa kubadilishwa, au majike wapelekwe kwenye uhimilishaji.