Siku tatu Kasansa: usinunue mchele kabla hujaula

Wiki iliyopita sikuonekana kijiweni, na nasikia wapo washikaji walioanza kunong'ona kwamba nimekimbia madeni. Jamani! Nilikuwa kazini. Bosi wangu, mwenye duka la nafaka pale Tandale, alinipa fedha na siku tatu za kununua mzigo, akaniambia: "Nenda Kasansa kaniletee mchele, usirudi na porojo."

Kasansa ndiyo wapi? Nami niliuliza hivyo hivyo. Ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, mkoa wa Katavi, ule uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Iko kwenye bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima ya Ufipa ambao wenyeji wanauita Lyamba lya Mfipa. Mtoto wa mjini anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kulisikia jina hilo, kumbe mpunga wa huko anaula kila Jumapili.

Nilishuka Mpanda alfajiri kwa treni ya kutoka Tabora, mgongo ukiwa umekaza kama ubao. Reli hiyo Mwingereza aliileta kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Siku hizi inabeba watu na viroba vyao, na kuku wasiokata tiketi. Nilitafuta chips mayai, kama kawaida ya mtu wa Dar akifika ugenini. Kijana wa mapokezi ya gesti akanicheka kwa heshima: "Kaka, umefika Mpanda unaulizia chips? Hapa kuna migebuka!" Basi nikaletewa mgebuka kutoka Ziwa Tanganyika, ameungwa kwa nyanya na kitunguu tu, na ugali wa moto. Sikuongea mpaka sahani ilipokwisha.

Kutoka hapo, barabara ya kwenda Mpimbwe inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi. Yaani unasafiri kwa nauli ya kosta huku unatalii bure. Pale Sitalike, kwenye lango, kuna mto Katuma. Wakati wa kiangazi maji yakipungua, viboko hubanana kwenye dimbwi mmoja juu ya mwingine kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Wanakoroma, wanasukumana, na harufu yao inakufikia kabla hujawaona. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974, baadaye ikapanuliwa mpaka kilomita za mraba 4,471, lakini watalii wengi wanaishia Serengeti. Hasara yao.

Ila nikuonye, mpenzi msomaji: mbung'o! Wadudu hao wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana ukiona vitambaa vya rangi hizo vinaning'inia porini ujue ni mitego yao. Mimi, mjanja wa mjini, nilikuwa nimevaa jinzi mpya ya bluu. Abiria wenzangu walijua. Hakuna aliyeniambia.

Kasansa nilipokewa na dalali, kijana mchangamfu, maneno mengi kama redio. Kabla sijatua begi alishanipa mfuko wa sampuli. Mchele mweupe, unang'aa. Bei yake nzuri mno. Nikaanza kuhesabu kichwani chenji ambayo ingebaki mfukoni mwangu. Tukakubaliana nilipe kesho asubuhi.

Njaa ndiyo iliyoniokoa. Jirani na mashine ya kukoboa kuna banda la mama lishe, mabenchi mawili na moshi. Nikaagiza wali kwa samaki. Alikuwa perege wa Ziwa Rukwa, wenyewe wanamwita gege, kakaangwa kisha kachemshwa na bamia. Lakini niseme kweli, samaki nilimsahau. Ule wali! Hauna nazi, una chumvi na mafuta kidogo tu, halafu unanukia mpaka unageuka kuangalia nani kapita na manukato. Punje moja moja, laini. Bei ya sahani ni kama soda mbili.

"Shikamoo mama. Huu mchele umeutoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Shambani kwangu, wapi tena?"

Nikajitapa kwamba nami nimeshapata mzigo, nikatoa ule mfuko wa dalali. Mama akamimina kiganjani, akausogeza kwa kidole gumba, akanyamaza. Halafu akaweka kisufuria jikoni, akaupika bila kuniuliza. Tulipofunua, nusu ilikuwa imeshakuwa bokoboko na nusu bado inagonga meno. Ni mchele mpya umechanganywa na wa zamani, kila mmoja unaiva kwa wakati wake, na chini kabisa kulijaa chenga.

"Macho yako yamekula," akasema, "tumbo lako bado."

Nilihisi jasho. Fedha zile si zangu, msomaji. Ningefika Tandale na mzigo ule, leo mngenisoma kwenye safu ya wanaotafuta kazi.

Nikamwomba aniuzie wake, na anionyeshe majirani zake wenye mpunga wa aina ile ile. Akakubali, ila akauliza swali moja: "Na magunia yako, yana kichwa au hayana?"

Hapo nikashikwa pabaya. Ndani ya begi nilikuwa na nyavu na kamba, na maagizo ya bosi kwamba nifunge lumbesa: gunia linajazwa, linashonewa nyavu juu, mkulima analipwa la moja huku amebebesha karibu moja na nusu. Wakala wa Vipimo walishapiga marufuku, gunia lisizidi kilo 100, lakini porini nani anakuona? Mama alikuwa ananiona. Na tumbo langu lilikuwa limejaa wali wake.

Zile nyavu sikuzitoa. Kesho yake tulipima kwa mizani pale mashineni, kilo kwa kilo, mama na majirani zake wanne wamesimama wakitazama ule mshale. Fedha ilitosha magunia machache kuliko aliyotarajia bosi. Dalali alinuna, akapita mbele yetu mara tatu bila salamu.

Lori lilipochelewa nikakodi bodaboda mpaka Majimoto. Jina si la kubahatisha. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto kweli. Nikatumbukiza miguu taratibu, nikaitoa haraka. Dereva wa bodaboda akanisimulia njiani habari za mkwaju wa Katabi kule hifadhini, ambako watu huacha sadaka kwa mizimu kabla ya safari au kuwinda. Hakukuwa na muda wa kuufikia. Huo nimeuwekea kiporo.

Niliporudi Dar bosi alihesabu magunia mara mbili. Akanitazama. Nikamweleza habari ya mizani, akasema nimelogwa na akina mama wa Mpimbwe, na siku mbili hakunisalimia. Kibarua nilikiona kinaota nyasi.

Siku ya tatu akanipigia simu, sauti laini kama ya mchumba. Wateja wanarudi kuulizia ule mchele wa harufu, umebaki kiasi gani stoo? Nikakimbia dukani kifua mbele, nikijua leo Kasansa itatajwa Tandale nzima.

Nikakuta ameshabandika kibao juu ya gunia, maandishi makubwa mekundu: MCHELE WA KYELA.