Wajibu wa Chama Gari Linapopata Ajali Ndogo

Vyama vingi vya ushirika vina magari, ama vya kwao wenyewe ama vya kukodi, yanayopeleka mazao ya wanachama sokoni Kariakoo. Kila dereva afikaye huko anaufahamu msongamano wa Mnazi Mmoja, pale uwanja unapotenganisha katikati ya jiji na Kariakoo. Malori, daladala, bajaji, pikipiki na mikokoteni hugombea njia moja. Mahali kama hapo ajali ndogo si jambo la ajabu. Linaloviletea vyama hasara kubwa zaidi ni yale yanayofanyika katika nusu saa inayofuata.

Tuchukue mfano. Lori la chama limekwisha kushusha mzigo, nalo linarudi. Penye makutano ya Mtaa wa Lumumba na Mtaa wa Uhuru, si mbali na Jengo la Ushirika, linagusa gari dogo kwa nyuma. Taa imevunjika na bampa imebonyea. Watu wanakusanyika, honi zinapigwa, na mwenye gari dogo anasema, "Ndugu yangu, tumalizane hapa hapa." Dereva anaogopa kuchelewa, anatoa shilingi 150,000 katika fedha za mauzo, kisha anaondoka. Baada ya wiki moja mwenye gari dogo anaandika barua kwamba abiria wake aliumia shingo. Chama kinakwenda kwenye kampuni ya bima na kuulizwa ripoti ya polisi, haipo. Mkaguzi wa hesabu naye anauliza hati ya malipo ya zile shilingi 150,000, haipo pia. Dereva, ambaye pengine hakuchukua hata senti moja, sasa anashukiwa wizi.

Ili kuepuka balaa hilo, kila dereva wa chama afundishwe hatua zifuatazo.

Kwanza, asimame. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamlazimu dereva aliyehusika katika ajali kusimama, kutoa jina na anwani yake pamoja na jina la mwenye gari, na kutoa taarifa polisi. Kukimbia hugeuza kosa dogo kuwa kubwa.

Pili, aangalie watu kabla ya bati. Awashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu nyuma ya gari. Akiwapo aliyeumia, asaidiwe mara moja na polisi waitwe kwa namba 112. Magari yasiondolewe pasipo ruhusa yao, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Majeruhi apatiwe fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, kwa matibabu. Hata hivyo, mwenye hali mbaya apelekwe hospitali kwanza, fomu ifuate.

Tatu, aweke kumbukumbu. Apige picha za magari yote mawili yakiwa mahali yalipogongana, namba zake, na alama za barabarani. Aandike saa, mtaa, jina na simu ya dereva wa pili, kampuni yake ya bima, na majina ya mashahidi wawili.

Nne, asikiri kosa wala kuahidi malipo. Kuomba radhi kwa adabu ni uungwana. Kusema "nitalipa mimi" ni jambo jingine. Aghalabu hati za bima humkataza mwenye gari kukubali dai pasipo idhini ya kampuni, na anayevunja sharti hilo huweza kukosa fidia.

Tano, ajali iandikishwe polisi. Kwa ajali ya Kariakoo, Kituo cha Msimbazi kiko karibu. Trafiki atapima eneo, na gari litakaguliwa. Kampuni ya bima hudai karatasi hizo kabla ya kulipa.

Zamu ya Katibu huanza dereva anapopiga simu. Aiarifu kampuni ya bima kwa maandishi siku ile ile, aingize tukio katika daftari la safari za gari, na kuipa Bodi taarifa. Asiruhusu gari litengenezwe kabla ya mkadiriaji wa bima kuliona. Ikiwa pande mbili zinataka kupatana, mapatano yafanywe kwa maandishi, bima na Bodi zikiwa na habari, na malipo yapite katika hati ya malipo kama malipo mengine yote.

Wanachama nao waifahamu bima wanayoilipia. Bima ndogo hulipa hasara ya mtu mwingine tu. Lori la chama litatengenezwa kwa fedha za chama. Bima kubwa hulipa na lori lenyewe, ila sehemu ya kwanza ya hasara iliyotajwa katika hati hubaki kwa mwenye gari. Kabla ya gari kutoka, Katibu ahakikishe kwamba bima haijakwisha muda wake na kwamba imo katika kumbukumbu za Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Gari la chama ni jasho la wanachama wote. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lifunguliwe pale pale barabarani, kabla lori halijaondoka Mnazi Mmoja.