Kijiji Kimoja, Mataji Matatu: Rekodi za Kutisha za Klabu za Ireland

Kila mwaka, majira ya joto yanapokaribia kwisha, kisiwa cha Ireland hugawanyika mara 32. Kaunti 32, ubingwa 32 wa hurling na mpira wa miguu wa Kigaeli, na zaidi ya klabu 2,200. Hakuna anayelipwa mshahara. Kwa kawaida mtu huchezea parokia aliyokulia, na mpinzani wake wa Jumapili ndiye atakayekutana naye dukani Jumatatu.

Bingwa wa kaunti hupanda kuwania taji la mkoa wake, Munster, Leinster, Connacht au Ulster, na mabingwa wa mikoa hupigania Ireland nzima. Ngazi hiyo ya juu kabisa ilianza msimu wa 1970/71, na tangu hapo vijiji vimekuwa vikiandika rekodi ambazo miji mikubwa inazionea wivu. Hizi hapa, nimezipanga hadi kufikia ile ninayoiona kubwa kuliko zote.

Kabla hatujaanza, jifunze hesabu yao. Matokeo huandikwa kwa namba mbili. Mpira ukiingia wavuni ni bao, pointi tatu. Katika mechi zote tutakazozitaja, ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti ni pointi moja. Kwa hiyo 2-17 ni mabao mawili na pointi 17, jumla 23. Ishike hesabu hiyo, tutaihitaji.

10. Mpira wenye kasi ya kutisha

Mpira wa hurling huitwa sliotar. Una uzito wa gramu 110 hadi 120, kama mayai mawili ya kuku, na hupigwa kwa gongo la mti wa ash lenye ubapa mpana mwishoni. Ukipigwa sawasawa unakimbia kilomita 150 kwa saa. Treni ya umeme ya SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma imejengwa kwenda 160. Fikiria basi mlinda mlango aliyesimama kwenye mstari wake, mikono mitupu na gongo moja, akingoja mayai mawili yaje kwa mwendo wa treni. Kofia ngumu zilifanywa lazima kwa wachezaji wote mwaka 2010 tu!

Uwanja nao si wa kawaida. Unaweza kufika mita 145 kwa 90. Ule wa soka tuliouzoea, wa mita 105 kwa 68, unaingia humo na nafasi kubwa inabaki.

9. Klabu zilizobanana kuliko zote

Ireland nzima, kaskazini na kusini, ni kama kilomita za mraba 84,000. Tanzania ingekimeza kisiwa hicho mara 11. Gawanya eneo hilo kwa klabu 2,200 na unapata klabu moja kila kilomita za mraba 38. Kwa kipimo hicho Unguja peke yake ingekuwa na klabu zaidi ya 40, kila moja na uwanja wake, jezi zake na watani wake.

8. Jukwaa kubwa kuliko wachezaji wake

Fainali ya klabu za Ireland huchezwa Croke Park, Dublin, uwanja wa watu 82,300. Chukua umati huo uujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi 60,000, halafu ujaze Chamazi mara mbili, na bado watu 2,300 watakuwa nje wakigombea tiketi. Siku ya Down dhidi ya Offaly mwaka 1961, fainali ya Ireland ya timu za kaunti, waliingia 90,556.

Kaunti ya Leitrim ilihesabiwa watu 35,199 mwaka 2022. Ilete kaunti yote, wazee kwa vichanga, ikae Croke Park: nafasi 47,000 zitabaki wazi. Humo ndimo kijana wa kijijini, aliyezoea kuchezea uwanja wenye ukuta upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, hutoka siku moja kwenye korido na kukutana na majukwaa hayo.

7. Wachezaji wengi kuliko sheria

Timu ni wachezaji 15. Januari 2023, sekunde za mwisho za fainali ya mpira wa miguu, Kilmacud Crokes ya Dublin ilikuwa na 17 uwanjani, ikilinda lango lake dhidi ya Glen ya kaunti ya Derry. Kilmacud ilishinda 1-11 kwa 1-9. Glen ikapinga, ikaamriwa mechi irudiwe, Kilmacud ikakata rufaa, na mwishowe Glen ikaamua kuachana na shauri hilo. Kombe likabaki Dublin.

6. Machozi mengi kuliko yote

Clann na nGael ya Roscommon ilifika fainali ya Ireland mwaka 1983 ikashindwa. Ikarudi 1987, ikashindwa. Ikarudi 1988, 1989 na 1990, na kila mara ikapanda basi la kurudi nyumbani mikono mitupu. Fainali tano, vikombe sifuri, vipigo vinne vikifuatana mwaka kwa mwaka. Wengi wangevunjika baada ya kipigo cha pili. Hawa walivuka kaunti na mkoa tena na tena ili wapate haki ya kuumia fainalini, na mimi naihesabu kuwa rekodi ya heshima.

5. Nyota mkubwa katika daraja dogo

Chini ya daraja la juu kuna la kati, na chini yake tena kuna daraja la junia. Januari 2023 mchezaji bora wa mpira wa miguu wa Kigaeli wa mwaka 2022, David Clifford wa Kerry, alicheza fainali ya junia. Kijiji chake ni Fossa, nje kidogo ya Killarney, na Fossa ilikuwa daraja hilo, basi na yeye akawa daraja hilo. Ni kama nyota wa Taifa Stars kurudi mtaani kwao kila msimu kuchezea timu ya ligi ya wilaya, kwa jasho lilelile.

Fossa iliilaza Stewartstown Harps ya Tyrone 0-19 kwa 1-13, yaani 19 kwa 16. David na kaka yake Paudie wote wawili walitolewa nje kwa kadi nyekundu kabla ya filimbi ya mwisho. Huo ndio uzito wa fainali ya junia.

4. Sekunde ghali kuliko zote

Februari 2022, fainali ya hurling. Ballyhale Shamrocks ya Kilkenny inatafuta taji la tatu mfululizo na inaongoza kwa pointi mbili. Ubao unasoma 1-19 kwa 1-17, yaani 22 kwa 20. Muda umekwisha, ni dakika za majeruhi, na Ballygunner ya Waterford haijawahi kutwaa Ireland hata mara moja. Pointi moja haiwasaidii. Wanahitaji bao.

Harry Ruddle ameingia akitokea benchi. Anaupata mpira, anakimbia nao, anafyatua, na wavu unatikisika. 2-17 kwa 1-19. Toa hesabu niliyokwambia uishike: 23 kwa 22! Miaka yote ya klabu hiyo ilitimia kwa pigo moja la gongo.

3. Kabati lililojaa kuliko yote

Ballyhale waliolizwa siku ile hawahitaji kuhurumiwa sana. Wana mataji tisa ya hurling ya Ireland: 1981, 1984, 1990, 2007, 2010, 2015, 2019, 2020 na 2023. Ndiyo, waliamka mwaka mmoja tu baada ya kidonda kile. Kwa upande wa mpira wa miguu kinara ni Nemo Rangers ya jiji la Cork, mataji saba. Klabu ya jiji imeachwa nyuma kwa mawili na ya kijiji.

Katika ushindi wa miaka ya 1980 jezi za Ballyhale zilivaliwa na ndugu saba wa tumbo moja, akina Fennelly. Ndugu saba katika timu ya watu 15! Wapandishe kwenye matatu ya abiria 14 na nusu ya viti imekwisha kwa mama mmoja. Kutoka klabu hiyohiyo akatokea Henry Shefflin, mwenye medali 10 za Ireland akiwa na kaunti yake ya Kilkenny. Alipostaafu aliinoa Ballyhale, ikatwaa 2019 na 2020.

Ukihesabu mataji ya ngazi ya kaunti peke yake, wakongwe wanasimama kifua mbele. Yanga ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa na mataji 31 ya ligi. Blackrock ya Cork ina 33 ya hurling. Thurles Sarsfields ya Tipperary, kutoka mji ule ule ambako chama cha michezo hii kilizaliwa tarehe 1 Novemba 1884, ilifikisha 36 mwaka 2017.

2. Mfululizo usiokatika

Mashabiki wa Simba wanajua raha ya mataji manne mfululizo. Wa Yanga wanaijua pia, maana walijibu kwa manne yao. Jumlisha enzi zote mbili za Kariakoo upate nane. Glen Rovers ya Cork ilichukua nane ya hurling ya kaunti peke yake, kuanzia 1934 hadi 1941. Ballygunner wameipita hiyo: wameshika Waterford tangu 2014, na kufikia 2024 walikuwa na 11 bila kuachia hata moja.

Kufikia hapo walikuwa bado hawajafika kileleni. Kilele changu ni Crossmaglen Rangers wa Armagh, mabingwa wa kaunti ya mpira wa miguu kila mwaka kuanzia 1996 hadi 2008. Kumi na tatu! Mtoto aliyezaliwa taji la kwanza lilipochukuliwa alikuwa anamaliza shule ya msingi na hajawahi kumwona bingwa mwingine. Njiani walibeba pia Ireland nzima mara nne, kisha wakaongeza 2011 na 2012 kufanya sita.

Crossmaglen ni mji mdogo mpakani, watu kama 1,600. Zipo shule za msingi Dar es Salaam zenye wanafunzi kuwazidi. Na katika miaka ya vita vya Ireland ya Kaskazini kambi ya jeshi la Uingereza ilisimama ubavuni mwa uwanja wao, ikamega sehemu ya ardhi ya klabu, na helikopta zikawa zinatua na kuruka juu ya vichwa vya vijana waliokuwa mazoezini. Timu iliyotoka katika kelele hizo ndiyo iliyokuja kukaa miaka 13 bila kushindwa ubingwa wa kwao.

1. Kubwa kuliko zote

Kutwaa ubingwa wa kaunti katika mchezo mmoja ni kazi ya mwaka mzima. Kutwaa hurling na mpira wa miguu msimu mmoja, kwa wachezaji karibu walewale, wiki hii gongo na wiki ijayo mpira mkubwa, ni jambo la kushangaza. Loughmore-Castleiney ya Tipperary ililifanya 2013, ikalirudia 2021, mwaka ambao fainali ya hurling ilitoka sare ikabidi ichezwe upya.

Slaughtneil walikwenda mbali zaidi. Hiki ni kijiji chini ya mlima Carntogher, kaunti ya Derry, mahali ambapo watu wamejitahidi kuirudisha lugha ya Kiayalandi midomoni mwa watoto. Mwaka 2016 klabu yao ilishinda Ulster katika hurling, ikashinda Ulster katika mpira wa miguu, na wanawake wao wakashinda Ulster katika camogie, hurling ya wanawake. Mkoa wenye kaunti tisa, mataji matatu ya daraja la juu, kijiji kimoja. Hakuna klabu iliyowahi kufanya hivyo kabla yao. Chrissy McKaigue alikuwa katika timu zote mbili za wanaume. Na mwaka 2017 wakachukua yote matatu tena!

Hii ndiyo namba moja yangu, na siibadilishi. Wanaume wa Slaughtneil walicheza fainali za Ireland za mpira wa miguu 2015 na 2017, wakapoteza zote mbili. Kombe la kwanza la Ireland la daraja la juu kufika kijijini hapo lililetwa na wanawake, Machi 2017, na wao wakalitetea 2018 na 2019.