Saa Sita ya Garissa Haifiki Saa Sita

Itazame ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani katika msikiti wowote mjini Garissa, uipekue mwezi baada ya mwezi. Hutaiona siku ambayo adhuhuri inaingia saa sita kamili. Mapema Novemba jua hupinduka kutoka utosini yapata saa 6:05 mchana. Katikati ya Februari halipinduki hadi saa 6:35. Na huu ni mji ulio karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kama kuna mahali ambapo saa ya ukutani na jua vilipaswa kupatana, ni hapa.

Ugomvi wao una sababu mbili, nami nitazifikia. Kwanza tuulize nani aliyeukata mchana vipande 12, maana jua lenyewe halina mkato wowote isipokuwa kuchomoza, kufika juu na kuzama.

Mkato huo ulitoka Misri ya kale, tena ulianzia usiku. Makuhani wa huko waliteua makundi 36 ya nyota, kila kundi likitangulia mapambazuko kwa siku kumi hivi kabla ya kulipisha lingine. Katika usiku mfupi wa kiangazi, wakati nyota ya Sirius inaporudi kuonekana, makundi 12 yalihesabika yakichomoza gizani. Majedwali ya hesabu hiyo yamechorwa ndani ya vifuniko vya majeneza ya miaka 4,000 hivi iliyopita. Usiku ukishapata sehemu 12, mchana nao ukapewa 12. Katika Bonde la Wafalme watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel walifukua kipande cha jiwe la chokaa cha karne ya 13 kabla ya Kristo, kimechorwa nusu duara iliyogawanywa mara 12: saa ya kivuli. Wapo wanaopenda kusimulia kwamba namba hiyo ilitokana na kuhesabu pingili za vidole vinne kwa kidole gumba. Ni dhana ya kupendeza, lakini mimi naegemea majeneza.

Saa hizo za Wamisri hazikuwa na urefu mmoja. Cairo mchana mrefu wa Juni hufika saa 14, na ule mfupi wa Desemba hushuka hadi saa 10 na dakika chache. Ukiigawanya yote miwili kwa 12, saa ya Juni ina dakika 70 na ya Desemba 50 hivi. Hakuna aliyeona tatizo. Mgiriki Hipparchus, katika karne ya pili kabla ya Kristo, ndiye aliyependekeza saa 24 zilizo sawa, na kwa muda mrefu zikabaki kuwa za wanajimu peke yao. Watu wa kawaida wa Ulaya walizipokea baada ya saa za magurudumu ya meno kupandishwa minarani katika karne ya 14, kwa sababu gurudumu halijui kiangazi wala kipupwe.

Sasa rudi Garissa. Hapa saa ya Mmisri na saa ya gurudumu karibu ni kitu kimoja. Mchana una saa 12 na dakika 7 hivi, Juni kama Desemba. Hizo dakika 7 zinatokana na hewa kuupinda mwanga, na pia na desturi ya kuhesabu macheo tangu ukingo wa juu wa jua unapojitokeza. Mandera, digrii nne kaskazini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia macheo, kama tufanyavyo Waswahili na kama wafanyavyo Waethiopia ng'ambo ya mto Daua, hakumsumbui mtu katika latitudo hizi. London jua la Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na la Desemba baada ya saa 2 asubuhi. Hebu jaribu kuanzia hesabu yako hapo.

Swala, kwa upande wake, haijawahi kuhitaji gurudumu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Wasomali na ya pwani yetu, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Wanazuoni wa kale walikadiria kimo cha mtu kuwa takriban nyayo zake saba. Kwa hiyo mchungaji aliye porini anasimama wima, anatia alama mwisho wa kivuli chake, kisha anakipima kwa nyayo zake mwenyewe. Mrefu ana nyayo ndefu na mfupi ana fupi, na jibu hukaribiana. Karibu na Machi 20 na tena Septemba 24, jua la Garissa hupita utosini barabara na kivuli cha adhuhuri hutoweka chini ya miguu. Siku hizo alasiri huingia saa tatu kamili baada ya jua kupinduka. Kuanzia Machi hadi Septemba kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, halafu huhamia kaskazini. Mwaka 1371 Ibn al-Shatir aliuwekea Msikiti wa Umayyad mjini Damascus saa ya jua yenye kijiti kilichoinamishwa kufuata latitudo ya mji, zaidi ya digrii 33, kielekee ncha ya mbingu. Angeijenga Garissa, kijiti hicho kingelala karibu sambamba na ardhi.

Basi ugomvi wa adhuhuri unatoka wapi? Sababu ya kwanza ni ya kiserikali. Mkutano wa Washington wa 1884 uliifanya Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabu longitudo, na baadaye kila digrii 15 zikawa saa moja. Enzi za ukoloni Kenya iliwahi kwenda saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45, ndipo ikatulia kwenye saa tatu kamili. Saa tatu ni digrii 45 mashariki, na mstari huo hauigusi Kenya popote. Unaingia Bahari ya Hindi kati ya Marka na Mogadishu. Yaani wizara zote za Nairobi hufunguliwa kwa jua la Somalia! Jua huchelewa dakika nne kwa kila digrii unayokwenda magharibi: kwa wastani dakika 12 Mandera, 21 Garissa, 33 Nairobi, 43 Busia. Kaskazini Mashariki, ambayo imelalamika miaka mingi kwamba imesahauliwa, ndiyo ambayo saa ya taifa inaikosea kidogo zaidi.

Sababu ya pili ni ya dunia yenyewe. Mzingo wake si duara kamili. Januari tunapokuwa karibu na jua tunakwenda mbio zaidi, na mhimili wetu umeinama. Mambo hayo mawili yakiungana, siku ya jua haina saa 24 barabara, na sekunde zinazozidi au kupungua hulimbikizana hadi jua linatangulia dakika 16 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa 14 katikati ya Februari. Hiyo ndiyo nusu saa tuliyoiona kwenye ratiba ya msikiti.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza kafyu ya saa 12:30 jioni hadi 12:30 asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Amri ilikuwa moja, jua halikuwa moja. Wiki hiyo jua la Garissa lilizama yapata saa 12:28. Muadhini alikuwa na dakika mbili za kuwaita watu kwenye magharibi, na isha, inayoingia saa moja na ushei baadaye, ilibidi isaliwe nyumbani. Mandera walipata dakika tisa hivi.

Siku hizi hatari iko kwenye simu ambayo ratiba yake ya swala imeachwa katika mpangilio wa Nairobi. Jua la Mandera huzama kabla ya la Nairobi kwa dakika 11 hivi mwezi wa Juni na karibu nusu saa mwezi wa Desemba. Kwa macheo ni kinyume chake. Mfungaji wa Mandera anayefuata simu hiyo atakula daku alfajiri ikiwa imeshaingia, kisha atafuturu kwa kuchelewa. Wa Nairobi akifuata ratiba ya Mandera atatia tende mdomoni jua lingali linawaka.